Kuchagua chambo bandia cha kichwabapa kwenye maji ya kina kifupi yenye majani

Tupa chambo mita 25 kwenye maji ya magotini. Kikinasa jani katika mita ya 3, mita 22 zilizobaki umevuta jani. Samaki kichwabapa hali majani, na ukishangaa kwa nini saa nzima imepita bila kuguswa, mara nyingi jibu linaning'inia kwenye ndoano yako lenye rangi ya kijani.

Kwa hiyo swali la kwanza mbele ya kisanduku si rangi wala kampuni. Ni hili: chambo hiki kitanipa mita ngapi safi katika kila mtupo? Mita safi ni zile ambazo chambo kinaogelea kama kilivyoundwa, bila kuburuza uchafu. Kwa anayevua kutoka ufukweni, au aliyeingia majini hadi mapajani, kipimo hiki ndicho kinachopanga mengine yote: uzito, umbo, aina ya ndoano, hata fundo.

Kichwabapa ninamwita hivyo kwa umbo lake: samaki mrefu, kahawia au kijivu kama mchanga, kichwa kimebapa kana kwamba kilikanyagwa. Anayefuatwa zaidi kwa chambo bandia ni Platycephalus fuscus wa pwani ya mashariki ya Australia, kuanzia Queensland kushuka hadi Victoria, kwenye midomo ya mito na maziwa ya chumvi kama Lake Macquarie. Ndugu yake Platycephalus indicus yuko Bahari ya Hindi, hadi pwani ya Afrika Mashariki. Tabia zao hazitofautiani kiasi cha kukulazimisha ubadilishe kisanduku.

Huyu ni mviziaji. Hulala kifudifudi, hujifunika mchanga kidogo, yakabaki macho. Macho yenyewe yako juu ya kichwa, na taya la chini limetangulia la juu. Shambulio lake ni mruko mfupi wa kwenda mbele na juu, halafu hurudi chini. Chambo kikipita juu kidogo ya kichwa chake hakijampotea, maana huko ndiko anakotazama siku nzima. Kikipita mita 3 pembeni, mara nyingi ni kazi bure. Hivyo hakuna haja ya kuburuza chambo ndani ya majani eti kwa kuwa samaki yuko chini. Sentimita 20 juu ya ncha za majani panatosha, ila mitupo iwe karibu karibu ili usiache pengo.

Tena hapendi kulala katikati ya majani mazito, kwa sababu humo hawezi kujifukia wala kuona vizuri. Hulala ukingoni, penye mpaka wa majani na mchanga, na kwenye yale madirisha ya mchanga mtupu yaliyozungukwa na majani. (Yuko mmoja asiyefuata kanuni hii: Platycephalus laevigatus wa kusini mwa Australia, ambaye makazi yake ni ndani ya majani hasa.) Maji yakikupwa kabisa, tembea juu ya mchanga ulioachwa wazi utafute alama za matumbo. Zinafanana na ncha ya mkuki: mbele pana ya mviringo, nyuma pembamba. Urefu wa alama unakaribia urefu wa samaki aliyelala hapo. Angalia ziko umbali gani kutoka kwenye majani na zinaelekea wapi, kisha rudi maji yakijaa tena. Ramani ya namna hiyo hainunuliwi.

Soma majani kwanza

Watu husema "majani" kana kwamba ni kitu kimoja. Si kimoja, na chambo kinachoruka juu ya aina moja kitazikwa na nyingine.

Rahisi kuliko yote ni majani mafupi membamba, kama ya jamii ya Zostera, yaliyo kwenye maji ya mapajani. Kati ya ncha za majani na uso wa maji kuna nafasi ya kutosha. Hapo hata kichwa cha kawaida cha risasi (donge la risasi kwenye shingo ya ndoano) chenye ndoano iliyo wazi kinafanya kazi, mradi kiwe chepesi na kisiachwe kikalala.

Majani marefu ya ukanda, kama Posidonia, yana tabia ya kulala na mkondo. Mizizi iko upande maji yanakotoka, ncha ziko upande yanakokwenda. Ni kama manyoya ya paka: ukipapasa kwa kuyafuata mkono unateleza, ukipapasa kinyume yanasimama. Tupa kuelekea maji yanakotoka na uvute pamoja na mkondo, chambo kitateleza juu ya migongo ya majani. Ukisimama upande wa pili ukavuta kinyume, kila ncha ya jani inakuwa kidole cha kukamata ndoano. Mvuvi anaweza kubadilisha vyambo vitano asijue kwamba kilichohitaji kubadilika ni mahali aliposimama.

Majani yaliyokatika yanayoelea huja baada ya upepo mkali au wakati wa bamvua, maji yanapoinua kila kilichokuwa kimekauka ufukweni. Hapa tatizo liko juu, si chini. Chambo cha juu ya maji hakifai hata kidogo. Shusha ncha ya fimbo hadi iguse maji ili uzi upite chini ya takataka, tumia kichwa kizito kidogo, gramu 3.5 au 4.7, na kilenge kwenye dirisha la mchanga kishuke haraka. Mitupo mifupi ina faida, kwani uzi mwingi juu ya maji ndio unaokusanya majani.

Kisha kuna mwani wa utelezi, ule wa kahawia kama nywele, unaoshika kila kitu hadi uzi wenyewe. Hakuna chambo kinachoukwepa, na neno lililoandikwa kwenye pakiti kwamba hakinasi majani halihusu mwani huu. Hama. Mita 200 mbele penye mkondo zaidi unaweza kukuta pasafi.

Chambo laini chenye ndoano iliyofichwa

Nikiambiwa nibebe aina moja tu kwa maji haya, nitachukua samaki wa plastiki laini wa sentimita 9 hadi 10, mwenye mkia bapa unaopiga, juu ya ndoano pana iliyopinda shingoni na yenye risasi ndogo kwenye shina. Kwa plastiki ya urefu huo ndoano namba 3/0 au 4/0 inatosha (namba ya kwanza ikikua, ndoano ni kubwa zaidi). Kwa ya sentimita 12, 5/0. Risasi ya shina iwe kati ya gramu 1.8 na 3.5. Ikikaa chini ya tumbo badala ya puani, chambo hushuka kikiwa kimelala sawa, hakitangulizi kichwa kuchimba majani.

Kukivisha kunataka utulivu. Choma pua ya plastiki katikati kabisa, ingiza ncha kama milimita 5, itokee chini ya kidevu. Pitisha plastiki mpaka ikae kwenye kona ya shingo ya ndoano, kisha geuza ndoano itazame mwili. Sasa usichome kwa kukisia. Iache ining'inie, mwili ulale sambamba na shina, uone kipindo cha ndoano kinagusa wapi, na uweke alama kwa ukucha. Choma hapo kutoka tumboni, wima, ncha itokee katikati ya mgongo. Mwishowe sukuma ngozi ya mgongo mbele kidogo na uifiche ncha chini yake, milimita 1 au 2 tu. Ndoano zenye skurubu ya waya mbele ni rahisi zaidi: unazungusha skurubu puani, na hatua ya kugeuza shingo haipo.

Kinachoharibika mara nyingi ni mwili kujikunja. Ukichoma milimita 3 tu nyuma ya alama, upande wa mkia, mgongo unafanya upinde, na chambo kinaogelea kikizunguka kama parafujo. Baada ya mitupo 20 uzi umejisokota, na mzunguko mmoja wa upepo unakupa kiota cha ndege kwenye rili, kile kigurudumu cha uzi. Kivute mita moja mbele ya miguu yako kabla ya kutupa. Kikilala ubavu au kikizunguka, kivue ukivishe upya. Ukichoma mbele ya alama, upande wa kichwa, plastiki imevutika. Itateleza kutoka shingoni kila samaki au jani likiivuta. Tone la gundi ya papo hapo puani husaidia plastiki ya kawaida.

Kosa la pili ni ndoano nyembamba kwa plastiki nene. Kichwabapa akibana, plastiki hukunjamana na kujaza nafasi yote kati ya shina na ncha, na ncha haimfikii. Nafasi iliyobaki kati ya mgongo wa plastiki na kipindo, ukibonyeza mwili ushuke, iwe walau sawa na unene wa plastiki yenyewe. Ikiwa ni ndogo zaidi, panda namba moja ya ndoano au chagua plastiki yenye mfereji tumboni.

Lazima isemwe pia kwamba ndoano iliyofichwa hupoteza samaki wengi kuliko iliyo wazi. Ncha inabidi itoboe plastiki kwanza, halafu mdomo ambao ni mgumu. Kwa hiyo si ya kutumia kila mahali kwa sababu tu majani yanaonekana. Penye madirisha makubwa ya mchanga au majani mafupi, ndoano wazi kwenye kichwa chepesi inashinda. Iliyofichwa ni kwa zile sehemu ambazo bila yake usingetupa kabisa.

Na kichwa cha ndoano wazi nacho kina umbo lake. Kile cha duara chenye tundu la uzi juu kinakusanya majani kwenye ile pembe kati ya uzi na risasi. Jani likiingia hapo halitoki. Chagua kilichochongoka kama risasi ya bunduki, tundu la uzi likiwa puani kabisa, ili jani liteleze kutoka kwenye uzi, lipite kichwani, liondoke. Ukivuta vichwa hivi viwili sambamba juu ya majani yale yale, tofauti inaonekana ndani ya mitupo mitatu.

Uzito: hesabu kabla ya kutupa

Pakiti nyingi zinaandika aunsi. 1/16 ni gramu 1.8, 1/12 ni 2.4, 1/8 ni 3.5, 1/6 ni 4.7, na 1/4 ni 7. Kwa maji ya kuanzia kifundo cha mguu hadi magotini, 1.8 ndiyo ya kuanzia. Magotini hadi mapajani, 2.4. Kiunoni, au penye mkondo unaosukuma miguu, 3.5. Gramu 7 ni ya mkondo mkuu wenye kina, haina kazi juu ya majani.

Badala ya kukariri, pima. Simama penye kina kama cha pale unapotaka kutupa, dondosha chambo miguuni ukiwa umelegeza uzi, na uhesabu kwa sauti ya kawaida. Kikigusa ncha za majani kabla hujamaliza kusema "moja", ni kizito mno: hutakuwa na muda wa kukitua na kukiinua. Ukifika "mbili" au "tatu", umepata.

Shida inayowafanya watu waongeze risasi ni upepo. Chambo chepesi hakifiki, na uzi unafanya tumbo. Suluhisho lililo bora ni kuongeza mwili, si risasi. Plastiki ya sentimita 10 au 12 yenyewe ina uzito, kwa kawaida hupita ule wa risasi ya gramu 1.8, hivyo inaruka vizuri; lakini kwa kuwa ni pana na nyepesi majini, inashuka polepole. Risasi ya ziada inaruka vizuri pia, ila inatua kama jiwe.

Kuna plastiki zinazonyumbulika sana, unazivuta zikawa mara kadhaa ya urefu wake bila kukatika, na nyingi kati ya hizo huelea. Juu ya risasi ndogo mkia wake hubaki umeinuka wakati chambo kimetulia chini, na kushuka kwake ni kwa polepole zaidi. Kwa maji yenye majani hizo ndizo ninazozipendelea, ingawa zina usumbufu wa kuhifadhi, nitalirudia.

Umbo la mkia lichaguliwe kwa mwendo unaotaka. Mkia bapa hupiga hata ukivuta taratibu, kwa hiyo unafaa kupitisha chambo juu ya majani kwa mwendo mmoja. Mkia mrefu uliojikunja unavutia, lakini jani moja dogo likiushika umekufa. Mwili mnyoofu usio na mkia wa kupiga hauna pa kushika majani, ila kazi yote inakuwa ya mkono wako. Bila kuchezesha fimbo ni kijiti tu. Sura ya kamba wa majini ni nzuri penye mifereji inayotoa maji wakati wa kupwa, ikiachwa ielee na mkondo na kuguswa kidogo tu. Miguu yake mingi myembamba, hata hivyo, inapenda majani, na wengine huikata nusu.

Wagumu, wa juu ya maji, na wenye bawa

Samaki wa bandia mgumu mwenye ulimi mbele (kibao kinachomzamisha akivutwa) anafaa kwa sharti mbili: awe wa kuelea, na azame si zaidi ya mita 0.5 hadi 1. Urefu wa sentimita 5 hadi 8 unatosha. Kina kilichoandikwa kwenye kisanduku ni makadirio, na uzi mwembamba na mtupo mrefu humpeleka chini zaidi. Ukiinua fimbo juu anapanda, ukizamisha ncha ya fimbo anashuka. Huo ndio usukani wako. Ukihisi ulimi umegusa jani, acha kuvuta papo hapo. Aelee, ulimi ujinasue, ndipo uendelee. Kichwabapa hupenda kupiga wakati huo wa kutulia, kwa hiyo uzi usilegee mno. Jani likibaki, mchapo mfupi mkali wa ncha ya fimbo hulitupa mara nyingi. Anayezama akitulia, au anayebaki palepale bila kupanda, hana msaada huu.

Toa ndoano za ncha tatu alizokuja nazo. Ncha sita zinazoning'inia chini ni reki. Kwa koleo la kufungulia pete, weka ndoano za ncha moja zilizotengenezwa kwa ajili hiyo, zile ambazo tundu lake limekaa sambamba na kipindo. Ya tumboni ncha itazame mbele, ya mkiani itazame juu. Uzito ukipungua mno, samaki huyo huanza kuyumba au kulala ubavu. Jaribu miguuni, na ikibidi panda namba ya ndoano mpaka atulie. Kama ndoano ya tumboni inafikia ya mkiani, zitashikana, punguza moja.

Chambo cha juu ya maji kinashangaza watu, kwa kuwa kichwabapa anajulikana kama samaki wa chini. Kwenye maji yaliyo chini ya goti, juu kwake ni karibu tu. Alfajiri, siku ya mawingu, uso wa maji ukiwa shwari, penseli (chambo kirefu chembamba cha kuelea) ya sentimita 7 hadi 10 inayotembea kwa kuyumba kushoto na kulia inapita juu ya majani yote bila kugusa hata moja. Kichwabapa hukosea shabaha mara nyingi. Maji yanapasuka lakini hakuna uzito. Usikivute kwa kishindo. Endelea na mwendo uleule, simamisha sekunde moja, endelea. Akikosa mara mbili, tupa chambo laini mahali palepale mara moja.

Chenye waya uliopinda na bawa linalozunguka juu kinaonekana kama pambo la masikio, ndiyo maana wengi hukiacha. Lakini waya ule unatangulia na kuyasukuma majani kabla hayajafika kwenye ndoano, ambayo ni moja na inatazama juu. Gramu 7 huvutwa polepole bila kuzama sana kwa sababu bawa linakiinua. Kwenye maji ya tope ni cha kwanza kwangu, maana kinatoa mtetemo ambao samaki anausikia kabla ya kuona. Chumvi hukila haraka. Kioshe siku hiyohiyo.

Vibao vya chuma vya kutetemeka vyenye ndoano za ncha tatu, na vijiko vya kuzama, viache kwa ajili ya mkondo wenye kina na mchanga safi.

Uzi na mafundo

Uzi wa kusuka wa ratili 10 hadi 15 kwenye fimbo ya mita 2.1 hadi 2.4 unatupa mbali na unakata majani mepesi. Mbele yake funga florokaboni (uzi mgumu wa plastiki usiosukwa) ya ratili 12 hadi 20, urefu wa mita moja au moja na nusu. Meno ya kichwabapa ni madogo lakini mengi, na anapotikisa kichwa anasugua uzi kama msasa. Baada ya kila samaki pitisha vidole kwenye sentimita 20 za mwisho. Ukihisi ukwaruzo, kata ufunge upya.

Fundo la kuunganisha nyuzi mbili ndilo mtego wa majani usiotazamwa. Jani linateleza kwenye uzi, linagota kwenye fundo, na mengine yanapanga foleni nyuma yake. Ukikaribia kumaliza kuvuta unaona donge la kijani limeziba pete ya ncha ya fimbo, na ukitupa bila kulitoa uzi unakatika palepale. Tumia fundo jembamba la kusuka, kata mikia yake hadi mwisho, wala usiweke kizungusho cha chuma katikati. Kwenye chambo, klipu nayo hushika. Fundo la kitanzi kidogo humpa samaki mgumu uhuru wa kuyumba. Kwa chambo laini kilichofichwa ndoano, fundo lililokazwa hadi mwisho linatoa nafasi ndogo zaidi kwa majani.

Mwendo

Juu ya majani, vuta kwa mwendo wa kutosha tu mkia kupiga, ncha ya fimbo ikiwa juu. Chambo kikifika juu ya dirisha la mchanga, shusha fimbo na ukiache kianguke. Hesabu mbili au tatu. Kisha inua mara mbili fupi na uendelee na safari juu ya majani. Mapigo mengi huja wakati wa kuanguka, na mara nyingi huyasikii mkononi: uzi unaruka kidogo, au unaacha kushuka kabla ya wakati wake. Miwani ya kukata mng'ao inasaidia hapa kuliko chambo kingine chochote utakachonunua, maana bila kuyaona madirisha unatupa kwa bahati.

Kwa ndoano iliyofichwa, usijibu mguso wa kwanza. Zungusha rili hadi usikie uzito, ndipo uvute fimbo kwa upande, chini, kwa nguvu moja ndefu. Ukitikisa juu kwa haraka unamnyang'anya chambo. Ncha ya ndoano ijaribiwe kwenye ukucha: ikiteleza bila kushika, inoe au itupe.

Saa mbili za mwisho za maji kukupwa ni za midomo ya mifereji na kingo za nje za majani, kwani samaki wadogo na kamba wanalazimika kutoka. Maji yakianza kujaa, vichwabapa hupanda nayo na unaweza kuwakuta kwenye kina cha kifundo cha mguu. Tupa kabla ya kuingia majini. Yakijaa kabisa wametawanyika juu ya majani yote, na hapo ndipo chambo cha juu na cha mwendo mmoja hupata kazi. Ukiingia majini buruza nyayo, usikanyage kwa kuinua: samaki aina ya taa hulala pamoja nao.

Rangi nimeiacha nyuma makusudi. Maji safi na jua, rangi za asili: kijani cha mzeituni, kahawia, fedha. Maji ya tope au giza la alfajiri, nyeusi, zambarau, au pinki kali. Ukiwa na mbili, moja ya kila kundi, umemaliza.

Akishanaswa

Legeza breki ya rili kidogo na uache kichwa chake kibaki majini. Akiinuliwa kichwa juu ya uso, hutikisa na kukata florokaboni au kung'oa ndoano. Mwongoze juu ya wavu wa mkono wenye nyuzi za mpira, au mteleze ufukweni kwa wimbi dogo. Pembeni mwa mashavu ana miiba mikali iliyoelekea nyuma. Ukimshika kichwa kwa mkono mtupu akajipinda, ni damu. Shika mdomo wa chini kwa koleo la kushikia samaki, utegemeze tumbo, toa ndoano kwa koleo refu. Wakubwa ni majike yenye mayai mengi, na sheria nyingi zinawalinda: Queensland, kwa mfano, hairuhusu kumchukua Platycephalus fuscus aliye chini ya sentimita 40 wala aliyezidi 75.

Nyumbani osha kila kitu kwa maji yasiyo na chumvi, ukaushe kabla ya kufunga kisanduku. Zile plastiki zinazonyumbulika sana zisikae pamoja na plastiki za kawaida, hata kwa usiku mmoja: zinayeyushana na kuwa uji wa rangi mbili usiotoka kwenye kisanduku. Ziache kwenye pakiti zake, zikiwa zimenyooka, kwa sababu mkia uliokaa umekunjwa wiki nzima hautapiga sawa majini. Ukishaupata umekunjika, plastiki ya kawaida uichovye kwenye maji ya moto sekunde chache, inyooshe, kisha maji baridi.